Mkutano Husogezwa, Swala Haisogezwi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), aliyelifanya jua kuwa kipimo cha nyakati kwa waja wake wote, wa bara na wa pwani, wa mashariki na wa magharibi. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake.

Mwezi huu tunataka kulisema kwa sauti jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinong'onwa vibarazani mwa misikiti yetu ya Bukoba na Muleba, lakini halijapanda mimbarini. Vijana wetu na kina mama wetu wanaofanya kazi na mashirika, makampuni na wanunuzi wa ng'ambo wanakosa swala ya Ijumaa wiki baada ya wiki. Wengine wanafuturu kwa tende moja waliyoificha mkononi huku macho yako kwenye kompyuta. Wote wanatoa sababu moja: mkutano. Mkutano umepangwa na watu walio mbali, kwa saa ya huko mbali, na sisi tumekaa kimya kana kwamba ratiba ile imeteremshwa kutoka mbinguni.

Ijumaa moja baada ya swala alinijia kijana wa Muleba, mchapakazi na mwenye adabu, ambaye sikuwa nimemwona safuni kwa muda mrefu. Anafanya kazi katika mradi ambao makao yake makuu yako katika nchi moja ya Ulaya. Kila Ijumaa wana mkutano kwa njia ya mtandao. Kwa miezi kadhaa mkutano ule ulikuwa saa 6 mchana, akiumaliza anachukua udhu na kukimbilia msikitini. Ilipofika wiki ya mwisho ya Oktoba, mkutano ukahamia saa 7 mchana. Hakuna aliyemwomba ridhaa, na barua ya kumtaarifu haikuja. Kule Ulaya walikuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, basi na mkutano ukafuata saa yao. Hali ile ikaendelea mpaka mwisho wa Machi.

Nikamuuliza, "Uliwaambia kwamba muda ule ni wa Ijumaa?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Hapana, sheikh. Sikutaka waone kwamba dini inanizuia kufanya kazi."

Hebu tufanye hesabu. Kutoka Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi kuna Ijumaa 21 au 22. Mtume (SAW) ametuonya juu ya anayeziacha Ijumaa 3 kwa kupuuza, kwamba moyo wake hupigwa muhuri. Sasa kijana wetu ameacha mara 7 ya idadi hiyo, si kwa sababu amefungwa minyororo, bali kwa sababu ameona haya kuandika sentensi moja. Jambo hili si dogo. Na lawama yake si ya kijana peke yake.

SAA NI MAKUBALIANO, JUA NI AMRI

Ili tulielewe tatizo hili ni lazima kwanza tujue saa iliyoko ukutani ni kitu gani. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, au uzi mmoja kwa kila dakika 4. Kwa hiyo kila mji una adhuhuri yake. Jua halimfikii mtu wa Bukoba utosini wakati ule ule linapomfikia mtu wa Dar es Salaam.

Lakini serikali na wafanyabiashara hawawezi kuendesha treni, benki na redio ikiwa kila mji una saa yake. Ndipo mataifa yakakubaliana. Mnamo Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, Marekani, na 22 kati yao wakapiga kura kwamba mstari wa kuanzia hesabu upite Greenwich, Uingereza. Kutoka bara letu la Afrika taifa lililokuwa na kiti ni Liberia peke yake. Dola ya Uthmaniyya ilikuwepo, na mjumbe wake Rustem Effendi aliueleza mkutano kwamba kwao kuna hesabu mbili: ile ya kutoka usiku wa manane kama Wazungu, na ile ya kutoka kuzama kwa jua mpaka kuzama kwa jua. Msomaji wa Kagera haoni ajabu katika maneno hayo, kwani na sisi tunaishi na hesabu mbili hadi leo. Usiku wetu wa kuamkia Ijumaa ni Alhamisi ya Mzungu, na saa 1 yetu ni saa 7 yake.

Saa ya Tanzania imewekwa mbele ya Greenwich kwa saa 3. Maana yake ni kwamba saa yetu inafuata jua la mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Tanzania hata kidogo, unapita Somalia. Bukoba iko karibu na nyuzi 32 mashariki. Tofauti ni nyuzi 13 na kitu, nazo ukizizidisha kwa dakika 4 unapata takriban dakika 53. Kwa hiyo saa ya ukutani ikigonga saa 6 kamili mchana hapa Bukoba, jua lenyewe kwa wastani bado lina dakika 53 kabla ya kufika katikati ya mbingu. Kwa vile mwendo wa jua haulingani mwaka mzima, mapema mwezi Novemba jua la Bukoba hupinduka kiasi cha saa 6:36 mchana, na katikati ya Februari hupinduka kiasi cha saa 7:07. Muleba haipishani na Bukoba hata kwa dakika moja. Dar es Salaam hutangulia kwa nusu saa nzima.

Sasa tazama majirani zetu wa Rwanda. Kigali na Bukoba zinapishana kwa jua dakika 7 tu. Lakini saa ya Kigali iko nyuma ya saa yetu kwa saa nzima. Muislamu wa Kigali anaingia Adhuhuri kwenye saa 6 ya ukutani mwake, na Muislamu wa Bukoba anaingia karibu saa 7 ya ukutani mwake, na jua ni lile lile moja juu ya vichwa vyao. Nani amekosea? Hakuna. Jua halikubadilika, kilichobadilika ni makubaliano ya watu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Saa ni makubaliano ya wanadamu, na kilichokubaliwa na wanadamu, wanadamu wanaweza kukizungumza upya. Swala, kama tunavyofundishwa katika Surat An-Nisaa aya ya 103, ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu, na aliyeziweka si mwenyekiti wa kikao. Basi mtu anayesema kwamba mkutano hauwezi kusogezwa lakini swala inaweza, amekigeuza kichwa kikawa miguu. Amekipa cha mwanadamu heshima ya cha Mwenyezi Mungu, na cha Mwenyezi Mungu amekipa udhaifu wa cha mwanadamu.

HOJA ZINAZOTOLEWA NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Mkutano wa kimataifa una watu wa nchi nyingi, hauwezi kusogezwa kwa ajili ya mtu mmoja wa Muleba." Tunajibu: mbona ulisogezwa? Ulisogea saa nzima mwishoni mwa Oktoba, tena bila kikao, kwa sababu tu Ulaya ilirudisha saa zake nyuma. Na Marekani nayo husogeza zake kwa tarehe zake yenyewe: tangu mwaka 2007 huzipeleka mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kila mwaka kuna wiki kadhaa ambazo hata Wazungu wenyewe hawapatani, na mikutano yao inapishana, na wanaipanga upya bila ya mtu kulia. Kama mkutano unaweza kusogea kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya, hauwezi kukosa nafasi kwa ajili ya Ijumaa ya Waislamu wa Kagera.

Wala tusidhani kwamba ulimwengu wa kazi haujui kusogea kwa ajili ya mambo makubwa zaidi. Mwaka 2013 Oman na Saudi Arabia zilihamisha mapumziko ya wiki kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi, ili zisipitwe na masoko ya dunia kwa siku nyingi. Mwaka 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu ukafanya Jumamosi na Jumapili kuwa mapumziko, Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi, na khutba ikapangiwa saa 7:15 mchana nchi nzima. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi wao. Lakini ona walivyofanya: walisogeza wiki nzima ya kazi, na swala ya Ijumaa wakaiacha mahali pake.

Hoja ya pili: "Aliyekosa Ijumaa ataswali Adhuhuri, dini ni nyepesi." Naam, dini ni nyepesi, na wepesi wake ni rehema kwa msafiri, mgonjwa na mwenye dharura. Hatukatai dharura. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilipotangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, Ramadhani ilikuwa mlangoni, ikaingia siku chache baadaye. Watu 6 walifariki, miongoni mwao mhudumu wa afya, mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2 mwaka ule. Mhudumu aliyeitwa kwenye kikao katikati ya balaa kama lile, akachelewesha swala yake ndani ya wakati au akala futari yake akiwa kazini, huyo tunamwombea dua na kumshukuru. Kuokoa roho ni katika makusudio ya sheria yenyewe. Lakini je, kikao cha kila wiki cha kupitia taarifa ya matumizi nacho ni Marburg? Dharura ni kitu kinachokuja bila kupangwa. Kitu kilichoandikwa kwenye kalenda kwa miezi 6 mbele hakiwi dharura, hicho ni uzembe wa mpangaji na unyonge wa mpangiwa.

Hoja ya tatu: "Tukidai muda wa swala tutafukuzwa kazi." Ndugu zangu, hofu hii inaeleweka, kwani ajira ni chache na familia zinategemea. Lakini isitufanye tusijue haki zetu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Inamruhusu mwajiri kuyaingilia pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu wala kufanywa na mwingine. Saa hiyo moja, ikiwekwa mahali pake siku ya Ijumaa, inatosha kwenda msikitini, kusikiliza khutba, kuswali na kurudi, ikiwa ofisi haiko mbali. Hatuombi hisani wala hatumnyimi mtu jasho lake. Tunaomba mapumziko ambayo sheria imekwishayatoa yawekwe pale yanapofaa.

Tena wengi wanaolalamika hawajawahi kuuliza. Yule mtu wa Ulaya hana habari na jua la Muleba. Anaiona Tanzania kama rangi moja kwenye ramani. Ukinyamaza ataamini kwamba saa 7 mchana siku ya Ijumaa ni saa kama saa nyingine. Akikataa baada ya kuelezwa, hapo tutakuwa na la kusema naye. Kabla ya hapo tunamlaumu kwa kosa la kutojua, nasi ndio tuliomnyima kujua.

Hoja ya nne inatoka upande mwingine kabisa, kwa baadhi ya ndugu zetu wenye hamasa: "Acheni kazi za makafiri na mitandao yao, mtaokoa swala zenu." Hawa nao tunawapinga kwa uwazi ule ule. Surat Al-Jumu'a aya ya 9 imeamrisha kuacha biashara wito unapotolewa, lakini aya ya 10 inayofuata imeruhusu kutawanyika katika ardhi baada ya swala na kutafuta fadhila za Allah. Haikusema tutawanyike mpaka Kemondo tu. Kahawa ya Kagera inanywewa ng'ambo, na mwenye kuiuza hana budi kuzungumza na anayeinunua. Waislamu wa pwani walifanya biashara na Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi kwa kufuata pepo za msimu, nao hawakuacha swala wala hawakuacha jahazi. Anayewaambia vijana waache kazi halali bila kuwapa kazi nyingine amewatwisha mzigo ambao yeye mwenyewe haubebi.

LAWAMA ZETU WENYEWE

Baada ya kusema ya wengine, insafu inatutaka tuseme yetu, na huenda haya yakatuuma zaidi.

Kwanza, sisi wenyewe hatulijui jua letu. Kila Ramadhani bado wapo watu wa Bukoba na Muleba wanaofuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam. Jua la Dar es Salaam huzama kabla ya letu. Mwezi Desemba tofauti ni takriban dakika 20, mwezi Juni hufika takriban dakika 40. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, na katikati ya Februari jua la Bukoba huzama kiasi cha saa 1:12 usiku, wakati Dar es Salaam limekwishazama dakika 25 kabla. Anayekula kwa adhana ile anakula mchana wa Ramadhani huku jua likionekana juu ya vilima! Na aliyefuturu kwa kudhani jua limezama kumbe bado, wanazuoni wengi wanasema alipe siku hiyo. Tutamdai vipi mtu wa Ulaya ajue Magharibi yetu inaingia lini, ikiwa sisi tunaoishi hapa tunaikopa Magharibi ya mji mwingine?

Pili, sisi hatuheshimu saa tuliyoiahidi. Tukiitwa kikao cha msikiti saa 4 asubuhi tunafika saa 5 na nusu, na tunacheka tukisema hizo ni saa za Kiafrika. Neno inshaallah, ambalo ni neno la unyenyekevu na azma, tumeligeuza kuwa la kukwepa. Mtume (SAW) ametaja kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki, na Surat Al-Israa aya ya 34 inatuambia kwamba ahadi itaulizwa. Kuhudhuria kikao saa uliyokubali ni ahadi. Muislamu anayechelewa nusu saa kwenye kila mkutano kwa uvivu, halafu siku ya Ijumaa akaomba ruhusa kwa ajili ya dini, hataaminiwa, na ameiaibisha dini aliyoitaja.

Tatu, tunavuruga saa kwa kutoandika vizuri. Mtu anaandikiwa kutoka London kwamba mkutano ni saa 8 kwa hesabu yao, yeye anasoma saa 8 mchana. Au anawaandikia wenzake saa 4 akikusudia asubuhi ya Kiswahili, nao wanangoja alasiri. Aliyerudi kutoka Kigali simu yake bado inasoma saa ya Rwanda, anafika saa nzima baada ya wenzake. Haya si majaliwa, ni uzembe wa kuandika.

Nne, na hili tunawaambia maimamu wetu kwa heshima zote: khutba zetu zimerefuka mno. Tumefundishwa kwamba kurefusha swala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wa khatibu. Lakini iko misikiti ambayo khutba inaanza kwa kuchelewa dakika 20 kumsubiri khatibu, kisha inakwenda dakika 50, kisha matangazo, kisha mchango. Mfanyakazi aliyepewa saa moja atafanya nini? Mara ya kwanza atachelewa kazini, mara ya pili ataonywa, mara ya tatu hatakuja msikitini. Tutakuwa tumemfukuza sisi, si mwajiri wake.

TUFANYE NINI

Tunapendekeza mambo yafuatayo, nayo hayana gharama.

Mosi, kila msikiti uwe na ratiba ya swala iliyopigwa hesabu kwa ajili ya Bukoba na Muleba, si nakala ya Dar es Salaam wala ya Nairobi. Asiyeamini hesabu achomeke fimbo wima uwanjani. Kivuli kikimaliza kupungua na kuanza kurefuka, jua limepinduka. Fimbo haina dhehebu wala haina mfadhili.

Pili, mfanyakazi awaandikie wenzake wa ng'ambo mapema, kabla ya ratiba ya mwaka kupangwa, kwa lugha ya adabu: kwamba siku ya Ijumaa kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:00 mchana kwa saa ya Tanzania hatapatikana, na kwamba mwezi wa Ramadhani hatapatikana kuanzia nusu saa kabla ya kuzama kwa jua mpaka saa moja baadaye. Asisubiri mpaka mkutano umeanza ndipo azime kompyuta kimya kimya.

Tatu, asiishie kukataa, bali apendekeze. Saa 5 asubuhi ya Bukoba ni saa 3 asubuhi ya Ujerumani wakati wa baridi na saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi. Huo ni muda mzuri kwa wote. Saa 11 jioni ya Bukoba ni saa 3 asubuhi ya Washington wakati wa baridi na saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi. Hapo Alasiri imekwishaswaliwa na Magharibi bado. Lakini mkutano wa saa 5 asubuhi ya Washington, ukifika majira yao ya baridi, unaangukia saa 1 usiku kwetu, na katikati ya Februari hapo ni dakika 12 tu kabla ya futari. Mwenye kujua hesabu hii ataizuia mapema, na asiyeijua atafuturu mbele ya kamera.

Nne, kila saa iandikwe kwa namna mbili na kwa jina la mji: saa 8:00 mchana, yaani 14:00, kwa saa ya Bukoba. Wiki za mwisho wa Machi, mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba kila mwenye mikutano ya ng'ambo aulize upya, kwa sababu saa zetu hazibadiliki lakini zao hubadilika.

Tano, usumbufu ugawanywe kwa zamu. Si haki kwamba kila mara anayekesha ni mtu wa Kagera. Mama mwenye watoto anayefungua mkutano saa 4 usiku ili mtu wa Marekani anywe chai yake ya alasiri kwa utulivu, naye ana haki ya kusema, "Mwezi huu mimi, mwezi ujao ninyi." Uadilifu ni dini.

Sita, maimamu wakubaliane na waumini saa ya kuanza na saa ya kumaliza Ijumaa, waitangaze, waishike. Msikiti ukijulikana kwamba khutba inaanza wakati wake na swala inakwisha wakati wake, mfanyakazi atakuwa na neno la kumwambia mwajiri wake, nalo litakuwa kweli.

Ndugu Waislamu, yule kijana wa Muleba alirudi nyumbani siku ile akaandika barua yake, mistari minne. Jibu lilikuja siku ya pili yake. Waliandika kwamba hawakuwa na habari, wakaomba radhi, na mkutano ukahamia Alhamisi. Miezi yote ile, Ijumaa zote zile, zilikuwa zinasubiri mistari minne. Wengine hawatapata jibu jepesi kama lake, nao tunawaahidi kwamba hatutawaacha peke yao. Walete habari zao kwa viongozi wa misikiti, tuandike pamoja nao. Lakini asiyeuliza asimlaumu Mzungu, wala asimlaumu mwajiri. Aanze kwa kujilaumu mwenyewe.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa saa ya London wala ya Washington. Tutaulizwa juu ya jua hili hili linalochomoza ziwani na kuzama nyuma ya vilima vyetu, na tulifanya nini lilipopinduka.

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzihifadhi swala zao na kutimiza ahadi zao. Amin. Wabillahi tawfiq.